Ziara ya makumbusho ya tiba London: wanafunzi wanaenda kuangalia nini hasa?

Zikisambaa picha za wanafunzi wa udaktari na unesi wakiwa London, wamesimama mbele ya kabati la mifupa au wamejipanga kwenye pampu ya maji ya zamani ambayo haitoi hata tone, maswali huwa ni yale yale. Hivi huu si utalii tu? Hospitali za kisasa ziko mji huo huo, mbona wanapandishwa darini kanisani kuangalia meza ya mbao? Wengine wanasema kabisa kwamba ni kutukuza wazungu wa zamani. Maswali haya ni ya haki, na nadhani yanakosa jibu kwa sababu hata wanaopanga safari zenyewe mara nyingi wanawatembeza vijana kutoka jengo hadi jengo bila kuwaambia yanaunganishwa na nini.

Tuanze chini kabisa. Makumbusho ya tiba ni mahali panapotunza vitu ambavyo tiba ilivitumia halafu ikaviacha, visu, misumeno, chupa za dawa, viungo vya binadamu vilivyohifadhiwa kwenye maji maalum, hata vyumba vizima. Hapafundishi kutibu. Panaonyesha watu walikuwa wanaamini nini siku ile wanashika kile kisu, na hilo kitabu cha darasani hakikupi, maana kitabu kinakupa jibu sahihi tu, hakikuonyeshi majibu mabovu yaliyoaminiwa na watu wenye akili zao kwa mamia ya miaka.

Halafu kuna maneno matatu ya kushika. Nusu kaputi ni kumlaza mgonjwa usingizi asisikie maumivu akipasuliwa. Maambukizi ni pale vijidudu, yaani viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vinapoingia mwilini vikazaliana na kuleta ugonjwa. Na miasma ni ile imani ya zamani kwamba magonjwa yanaletwa na hewa inayonuka, uvundo wa mitaro, mizoga na takataka. Karibu kila mahali wanafunzi wanapopelekwa London pamekaa juu ya mojawapo ya mambo haya matatu.

Sasa mkanganyiko wenyewe uko hapa. Wengi tunadhani tiba ya kisasa ilikuja kwa mpigo, kwamba zamani ilikuwa giza halafu siku moja wakaja wataalamu wakaleta sindano ya usingizi, usafi na dawa za kuua bakteria. Haikuwa hivyo. Vilikuja kimoja kimoja, vikipishana kwa miaka mingi, na katikati ya kimoja na kingine watu waliendelea kufa kwa namna ambayo leo inauma kuisoma.

Nenda darini kwanza. Karibu na kituo cha London Bridge kuna kanisa la zamani la St Thomas, unapanda ngazi nyembamba za mzunguko, ngazi 52, mpaka chini ya paa. Zamani dari hili lilikuwa la mfamasia wa hospitali ya St Thomas akikaushia mitishamba, na mwaka 1822 wakajenga humo chumba cha upasuaji kwa ajili ya wodi ya wanawake iliyokuwa jirani. Utaona meza ya mbao katikati, fupi kuliko unavyotegemea, na chini yake sanduku la vumbi la mbao la kunyonya damu, likiloa wanalisogeza kwa mguu. Juu kuna dirisha kubwa la paani kwa ajili ya mwanga. Pembeni kuna vizimba vya kusimama wanafunzi, vimepanda kama ngazi, vimemzunguka mgonjwa. Wagonjwa walikuwa maskini, maana mwenye pesa zake alipasuliwa nyumbani kwake, na huyu wa hapa alipata matibabu kwa kukubali kutazamwa na umati wa vijana akikatwa mguu yuko macho.

Yuko macho, ndiyo. Nusu kaputi ilifika Uingereza Desemba 1846, miezi miwili tu baada ya kuonyeshwa hadharani Boston, Marekani. Tarehe 21 Desemba, daktari Robert Liston alimkata mguu mgonjwa aliyevutishwa etha, dawa ya nusu kaputi, kwenye hospitali ya University College hapo hapo London, kazi ya kukata ikaisha chini ya dakika moja, na mgonjwa hakusikia. Liston alishajulikana kwa kasi kabla ya hapo, na kasi ile haikuwa majigambo, ilikuwa huruma, maana dakika moja pungufu ni dakika moja ya mateso iliyoondolewa. Hapa kuna hadithi inayopendwa sana kusimuliwa kwenye ziara, kwamba Liston aliwahi kukata kwa kasi mpaka akakata na vidole vya msaidizi, mtazamaji akafa kwa mshtuko, na mwishowe wakafa watu watatu kwenye upasuaji mmoja. Hadithi tamu lakini hakuna kumbukumbu ya wakati ule inayoithibitisha. Nawaomba walimu wanaoongoza vijana waiache, au waisimulie wakisema wazi kwamba ni uvumi.

Sasa angalia hili vizuri kwa sababu ndilo watu wanalolikosa. Chumba kile cha darini kiliendelea kutumika mpaka 1862. Yaani miaka yake 16 ya mwisho etha na klorofomu, dawa nyingine ya usingizi, zilikuwepo lakini usafi wa kuua vijidudu haukuwepo kabisa, daktari anaingia na koti limekakamaa kwa damu ya wagonjwa waliopita, kisu kinafutwa kwa kitambaa, mikono inaoshwa baada ya kazi, siyo kabla. Mgonjwa sasa halii, ametulia, kwa hiyo daktari anapata muda na ujasiri wa kukata ndani zaidi, na kila dakika anayoongeza ni nafasi ya uchafu kuingia. Ni kama daladala iliyofungwa injini mpya yenye nguvu huku breki ni zile zile mbovu. Kidonda kinashonwa vizuri, siku ya tatu homa inapanda, usaha, harufu, halafu mazishi.

Breki zilikuja baadaye. Daktari wa upasuaji Joseph Lister alianza kutumia asidi ya kaboliki, dawa ya kuua vijidudu, kwenye vidonda akiwa Glasgow, Scotland, mwaka 1865, akatangaza matokeo 1867 baada ya kusoma kazi za Louis Pasteur wa Ufaransa kuhusu vijidudu, na London alihamia 1877. Kabla yake, Vienna, Austria, mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis alishaona kwamba madaktari wakinawa mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuzalisha, akina mama wanapona, lakini wenzake wengi walimpinga. Kwa hiyo kati ya kuondoa maumivu na kuanza kuondoa uchafu ilipita karibu miaka 20. Ukimweka mwanafunzi wa unesi pale darini akaelewa hiyo miaka 20, huna haja ya kumpigia kelele za kunawa mikono tena.

Baada ya hapo nendeni Soho, mtaa wa Broadwick, zamani ukiitwa Broad Street. Pale ndipo ilipo ile pampu ya kwenye picha, na hii iliyopo ni ya mfano tu. Mwisho wa Agosti 1854 kipindupindu kililipuka mtaani pale na ndani ya siku kama kumi wakafa zaidi ya watu 500. Wakuu wa afya wa mji waliamini miasma, na ukiwaza kidogo utawaelewa, maana mtaa ulinuka kweli kweli na wagonjwa walikuwa kwenye mtaa unaonuka. Daktari John Snow ndiye aliyesema hapana, ni maji.

Toleo tunalolijua wengi ni hili: Snow akachora ramani, ramani ikamwonyesha pampu, akang'oa mpini wa pampu, kipindupindu kikaisha. Karibu kila kipande cha sentensi hiyo kina kasoro. Kwanza Snow alishaandika kwamba kipindupindu kinasafiri kwa maji mwaka 1849, miaka mitano kabla, kwa hiyo ramani haikumpa wazo, ilimsaidia kuwaonyesha wengine, na aliichora mlipuko ukiwa umeshapita. Pili, mpini hakuung'oa yeye, aliwashawishi viongozi wa parokia nao wakaamuru uondolewe, tarehe 8 Septemba. Tatu, siku hiyo vifo vilikuwa vimeshaanza kushuka kwa sababu watu wengi walikuwa wameukimbia mtaa, na Snow mwenyewe alilisema hilo waziwazi.

Je, mpini ulikuwa kazi bure? Hapana, na hapa ndipo napapenda zaidi ya pengine pote London. Kasisi wa mtaa, Henry Whitehead, alianza kuchunguza akitaka kuonyesha kwamba Snow amekosea. Alikuwa anawajua watu wake, akarudi nyumba kwa nyumba kuuliza nani alikunywa wapi, na mwisho akagundua kwamba nyumba namba 40, jirani kabisa na pampu, kulikuwa na mtoto mchanga aliyeharisha akafa mwanzoni mwa mlipuko, na maji ya kufulia nepi zake mama yake alikuwa anayamwaga kwenye shimo la choo chini ya nyumba. Shimo lilipochimbuliwa likakutwa linavuja kuelekea kisimani, umbali wa hatua chache tu. Na baba wa mtoto huyo aliugua kipindupindu tarehe 8 Septemba, siku ile ile mpini unaondolewa, na maji machafu yakaanza tena kumwagwa kwenye shimo lile lile. Mpini ungekuwepo mtaa ungeweza kuanza upya. Kwa hiyo hadithi ya kweli ina nguvu kuliko ile iliyorahisishwa, na ndani yake kuna mtu aliyekuwa tayari kubadilisha mawazo baada ya kuona ushahidi.

Snow alitazama pia waliopona, na hilo wanafunzi wa afya ya jamii walishike. Kiwanda cha bia cha mtaa ule wafanyakazi wake walikunywa bia na maji ya kisima chao wenyewe, hawakufa. Nyumba ya maskini yenye watu zaidi ya 500, imezungukwa na nyumba zenye misiba, ilipoteza watu watano tu, nayo ilikuwa na kisima chake. Hewa waliyovuta wote ilikuwa moja. Na Snow huyu huyu ndiye aliyempa Malkia Victoria klorofomu akijifungua mwaka 1853, yaani alikuwa mtaalamu wa nusu kaputi, anajua gesi zinavyofanya kazi mwilini, ndiyo maana wazo la kwamba uvundo unaweza kumharisha mtu mpaka kufa halikumwingia akilini.

Kwetu hii siyo historia ya wenzetu. Kipindupindu cha karne ile kilifika mpaka Zanzibar, kikapita na majahazi na misafara ya bara, na daktari James Christie aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar akayaandika hayo yakachapishwa London mwaka 1876. Na mpaka leo mvua zikinyesha Dar, Mombasa au Goma, swali la kwanza la maafisa wa afya ni lile lile la Snow: mnachota wapi?

Ukivuka mto Thames kwenda Lambeth utakuta makumbusho ya Florence Nightingale, nesi mashuhuri wa Kiingereza, ndani ya eneo la hospitali ya St Thomas, ilipohamia baada ya kuondoka kule kwenye dari. Picha iliyoganda vichwani ni ya dada mpole mwenye taa akizunguka wodini usiku. Taa yenyewe ipo ya aina ile, ni fanusi ya Kituruki ya kukunjwa, siyo ile ya kwenye michoro inayofanana na taa ya Aladini, na yupo hata bundi wake Athena aliyekaushwa. Lakini Nightingale alikuwa mtu wa takwimu. Wakati wa vita vya Crimea, Uingereza ikipigana na Urusi, alifika hospitali ya jeshi Scutari, Uturuki, Novemba 1854, na vifo havikupungua kwa upole peke yake, vilipungua sana baada ya tume ya usafi kufika Machi 1855 ikasafisha mifereji iliyoziba chini ya majengo na kuruhusu hewa ipite. Aliporudi alichora michoro ya kuonyesha kwamba askari wengi zaidi waliuawa na maradhi kuliko risasi, ili mawaziri waone kwa macho. Mwaka 1860 akafungua shule ya unesi St Thomas. Na ajabu ni kwamba muda huo wote aliamini miasma. Alipata majibu mazuri kwa sababu isiyo sahihi, kwani ukiondoa uchafu kwa kuogopa harufu unaondoa na vijidudu bila kujua. Ikisikika popote kwamba kwa kuwa mtu amefanikiwa basi nadharia yake ni ya kweli, mkumbuke Nightingale.

Nje ya hospitali hiyo kuna sanamu ya Mary Seacole, mama wa Kijamaika aliyekataliwa kujiunga na manesi wa serikali, akaenda vitani Crimea kwa pesa zake na kuhudumia askari karibu kabisa na mapigano. Sanamu iliwekwa 2016. Msipite bila kusimama pale.

Makumbusho ya Hunterian ndiyo yanayozua mjadala mkali zaidi, na sitaki kuyapitia juu juu. Yako Lincoln's Inn Fields, kwenye jengo la chuo cha madaktari wa upasuaji, yalifunguliwa upya 2023, na yamejengwa juu ya mkusanyiko wa daktari wa upasuaji John Hunter aliyefariki 1793. Rafu za chupa za kioo mpaka juu, viungo vya binadamu na wanyama. Hunter alibadilisha upasuaji kutoka kazi ya mazoea kuwa kazi ya kuchunguza. Lakini miili aliitoa wapi? Sheria ya 1752 iliruhusu wauaji walionyongwa kupasuliwa, na hao hawakutosha, kwa hiyo wakatokea wafukua makaburi waliouza maiti kwenye shule za tiba. Watu huwachanganya na Burke na Hare wa Edinburgh, ila wale hawakufukua kaburi hata moja, waliua watu 16 mwaka 1828 wakauza miili. Sheria ya 1832 ikaruhusu shule kuchukua maiti zisizodaiwa na ndugu, na kwa vitendo hiyo ilimaanisha maskini waliofia kwenye nyumba za kufadhiliwa. Umaskini ukachukua nafasi ya kosa la kuua.

Charles Byrne, Mwairishi mrefu kupita kiasi aliyekuwa akionyeshwa London kwa kiingilio, aliomba azikwe baharini ili Hunter asimpate. Alipofariki 1783 Hunter aliupata mwili wake, na mifupa ikaonyeshwa kwa zaidi ya miaka 200. Makumbusho yalipofunguliwa 2023 haikurudishwa kwenye kabati, ila chuo bado kinayo. Kwangu mimi hiyo ni nusu ya haki. Kwetu maiti ni ya watu wake na mtu anazikwa, na Watanzania tunadai deni kama hilo Berlin, ambako watafiti walichunguza mafuvu kama 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za Wajerumani, na mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vikawakutanisha baadhi na ndugu zao walio hai huku. Familia ya Mangi Meli, mtawala wa Kichaga wa Old Moshi aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900, bado wanatafuta kichwa chake. Mwanafunzi akisimama mbele ya chupa hizo ana haki ya kujifunza umbo la moyo na kuuliza kwa pumzi hiyo hiyo, huyu alikubali?

Kituo cha mwisho ni Paddington, hospitali ya St Mary's, ambako Septemba 1928 Alexander Fleming alikuta ukungu umeota kwenye kisahani cha bakteria na kuwaua waliokuwa jirani yake. Tunaambiwa Fleming alivumbua penisilini, dawa ya kuua bakteria itokanayo na ukungu huo, na hapo hapo ikaokoa dunia. Ukweli ni kwamba aliandika makala 1929 na hakufanikiwa kuisafisha ikawa dawa. Kazi hiyo ilifanywa Oxford na Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley zaidi ya miaka kumi baadaye. Februari 1941 wakamchoma mgonjwa wao wa kwanza kutibiwa, askari polisi aliyekuwa anaoza kwa maambukizi, akaanza kupata nafuu, homa ikashuka, akala. Dawa ilikuwa haba mpaka wakawa wanaichuja upya kutoka kwenye mkojo wake. Ikaisha kabla vijidudu havijaisha, vikarudi, akafariki mwezi uliofuata.

Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa Nobel, na kwenye hotuba yake Fleming alionya kwamba mtu akijipa dozi ndogo isiyoua vijidudu atakuwa anavifundisha kuizoea dawa. Hapo penisilini kama dawa ndiyo kwanza ina miaka michache. Ukinunua vidonge vinne vya antibayotiki duka la dawa kwa sababu pesa haitoshi dozi nzima, au ukiacha siku ya pili kwa kuwa umeshajisikia vizuri, unafanya kile alichokisema. Na kuna upotoshaji wa kusahihisha hapa: usugu siyo mwili wako kuizoea dawa. Vijidudu ndivyo vinavyozoea, na sugu hao wanahamia kwa mtoto wako au jirani ambaye hajawahi kumeza kidonge hicho.

Kwa anayepanga safari, huo mpangilio ndio ningeufuata, darini, Soho, Lambeth, Lincoln's Inn Fields, Paddington, siyo kwa kuangalia wapi ni karibu na hoteli. Hunterian ni bure, na vile vile Wellcome Collection, makumbusho mengine ya afya, barabara ya Euston na kumbi za tiba za Science Museum, ila darini na kwa Nightingale mnalipa, na anayeumwa magoti zile ngazi 52 zitamshinda, mwambieni mapema. Paddington ulizieni kwanza kama maabara ya Fleming iko wazi kwa wageni siku hiyo. Ikiwa imefungwa, kibao chake kiko ukutani Praed Street, na mahali pale mwalimu anaweza kusimulia habari za yule askari wa Oxford wakiwa wamesimama barabarani.